Tanki Chini ya Upenu

Rolande Sirois alipika chakula cha shule kwa miaka ishirini na sita, na kila mtoto aliyepitia meza zake katika ule mji mdogo kando ya Mto Saint John, kaskazini kabisa mwa Maine, alijua jambo moja: yule mama akikasirika hapigi kelele. Anashusha sauti. Ikishuka mpaka unalazimika kuinama ili umsikie, ujue umekwisha.

Mwaka aliotimiza miaka sitini na mbili alishusha sauti mwezi wa kumi, na isipokuwa mara moja, haikupanda tena mpaka theluji ilipoyeyuka.

Kisa kilikuwa tanki la mafuta. Kule, nyumba bila tanki ni gofu. Baridi ikishika Novemba haiachii mpaka Aprili, na miezi yote hiyo watu wanaishi kwa mafuta yanayoteremka kwenye bomba la shaba, jembamba kama kidole, kutoka kwenye tanki hadi kwenye tanuru lililo chini ya nyumba. Tanki la kina Sirois lilikaa chumba cha chini tangu enzi za baba mkwe wake. Clovis, mumewe, alilitunza kama watu wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Aliligonga ubavuni kila Jumapili asikilize limebaki na kiasi gani, ingawa lilikuwa na geji. Hakuliacha lishuke chini ya nusu, kwa sababu tanki tupu hutoka jasho ndani, jasho linakuwa maji, na maji yanakaa chini yakila chuma.

Clovis alifia hukohuko chini, mwezi wa Novemba, akibadilisha filta ya kuchujia mafuta, spana mkononi. Moyo ulisimama. Aliyemkuta ni mdogo wake, Valere, aliyepita kuazima ngazi. Rolande alikuwa shuleni anakoroga sufuria ya supu ya kuku, na mpaka leo harufu ya supu ile haitaki.

Baada ya mazishi watu walimwambia atafute fundi wa kumsaidia. Hakutafuta. Alishuka mwenyewe, akatandika magazeti, akafunga koki, akafungua filta na kutoa ile nyeusi iliyojaa matope, akaweka mpya. Mara ya kwanza alimwaga mafuta hadi kwenye viatu. Mara ya pili hakumwaga tone. Alijifunza kutoa hewa kwenye bomba, akajifunza kusikiliza tanuru linapokohoa. Akaishi hivyo miaka miwili, mpaka siku Ludger Gendreau, dereva wa lori la mafuta, alipoingia chini kuangalia na kupitisha kidole kwenye mshono wa tanki.

"Bi Rolande, limeanza kutoka jasho la mafuta. Hili halimalizi baridi nyingine."

"Una hakika?"

"Nusa mwenyewe."

Basi likahitajika tanki jipya. Na kwa kuwa Valere ndiye aliyekuwa fundi wa matanuru katika familia, mwenye leseni na gari lenye jina lake ubavuni, kumwita mtu mwingine kungekuwa tusi ambalo lingesemwa mpaka kanisani.

Valere alifika Jumamosi asubuhi, tanki limefungwa nyuma ya gari kwa kamba, pamoja na mwenzake wa kazi, mzee Onil, ambaye alikuwa hasikii vizuri. Valere alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na minane, mcheshi. Akiingia mahali watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Nyuma ya kiti cha gari lake kulikuwa na bunduki. Msimu wa kuwinda ulikuwa umefunguliwa wiki ile.

Mzee Onil ndiye aliyeshuka chini na msumeno wa chuma. Alilikata tanki la zamani na kulitoa vipande vipande. Valere alisimama juu ya ngazi, akachungulia mara moja, akarudi nje kuvuta sigara. Rolande aliliona hilo na kulihesabu kuwa uvivu.

"Shemeji," Valere akasema kazi ya kukata ilipokwisha, "jipya tutaliweka nje."

"Nje wapi?"

"Hapa ukutani, upande wa jikoni. Litakaa vizuri."

Rolande alitazama juu. "Hapo ni chini ya upenu. Paa la bati hili. Theluji yote ya upande huu inamwagikia hapo hapo unaposimama."

"Theluji ni theluji, shemeji. Tanki ni chuma."

"Tanki ni chuma. Filta je? Koki je? Zinaning'inia pale chini kama matiti ya mbuzi. Liingize ndani lilikokuwa."

"Haliingii. Mlango mdogo."

"Mlango una inchi thelathini. Tanki lina ishirini na saba. Nimepima."

"Umepima na nini?"

"Mkanda wa kushonea."

Valere alimgeukia mzee Onil na kupaza sauti ili asikie. "Umesikia? Kapima na mkanda wa kushonea! Kesho atalishonea gauni!" Mzee Onil alicheka, sijui kama alisikia.

"Inchi ya cherehani na inchi ya fundi ni ile ile," Rolande akasema.

"Shemeji, miaka thelathini na tatu nafunga mitambo hii. Tangu lini mpishi akanifundisha tanki?"

"Tangu leo," akajibu, kwa sauti ya chini kabisa. Valere hakuinama kumsikia.

Angeweza kumfukuza. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumfukuza, na jibu lilimchukiza kila mara: tanki la zamani lilikuwa limeshakuwa vyuma chakavu uani, anga lilikuwa jeupe, na redio ilisema baridi kali inaingia. Alisimama dirishani akatazama tanki likisimamishwa kwenye miguu yake minne, chini ya upenu, mahali ambapo hata mbwa hakuwahi kulala. Kabla ya saa sita mchana gari la Valere lilikuwa linaelekea msituni.

Ndipo ikaanza kazi ambayo haikuwa na sababu ya kuwepo. Tanki la ndani unaliangalia mara moja kwa wiki ukiwa na ndala miguuni. Tanki la nje ni mgonjwa. Mafuta ya kawaida yakikaa kwenye baridi ya kule yanaganda kama samli, kwa hiyo ilimlazimu kuagiza yachanganywe na mafuta ya taa. Bomba la kupumulia lilipozibwa na theluji, ilibidi alizibue kwa fimbo. Kila theluji ilipoanguka alitoka na beleshi kabla ya kwenda shuleni akalifukua tanki pande zote, halafu akachukua reki ya mpini mrefu akakwangua theluji kwenye bati, kadiri mikono yake ilivyoweza kufika. Ilifika nusu ya paa tu. Nusu ya juu ilibaki pale, inajijaza juma kwa juma.

Ludger alipokuja kujaza mara ya kwanza, alisimama na mpira wa mafuta begani, akatazama tanki, akatazama paa, akatazama tanki.

"Nani kaliweka hapa?"

"Shemeji yangu."

Ludger akaunganisha mpira. Filimbi ya tanki ikaanza kulia. Hulia hewa inapotoka mafuta yakiingia, na ikinyamaza dereva anajua limejaa. Wote wawili wakaisikiliza mpaka ilipokata.

"Mimi sijasema kitu," Ludger akasema akikunja mpira.

"Sema basi."

"Sisemi, Bi Rolande. Valere ni mwenzangu, tunawinda pamoja. Lakini ningekuwa ni mimi, ningelala na viatu miguuni, tayari kutoka mbio."

Maneno hayo yalimkera kuliko mzaha wa Valere. Kumbe kila mtu anaona! Dereva anaona, Jeannine wa ng'ambo ya barabara anaona, padri alipokuja kubariki nyumba aliona, akasema "Hm." Wote wana macho, na wote wanamwacha mwanamke mmoja na beleshi lake apambane na paa zima.

Desemba alinunua mbao na misumari akajenga kisanduku juu ya filta na koki, kimeinama ili theluji iteleze. Alikijenga Jumapili mbili, vidole vikimfa ganzi. Valere alikiona alipopita kuleta nyama ya mawindo, na wiki iliyofuata habari zikawa zimeenea mpaka dukani: "Shemeji kalijengea tanki banda la kuku! Namwuliza, litaanza kutaga lini?" Watu walimsalimia Rolande huku wakificha tabasamu. Aliwaitikia, akanunua chumvi yake, akatoka.

Katikati ya Februari joto lilipanda ghafla. Mvua ilinyesha juu ya theluji siku mbili, kisha jua likatoka. Jumamosi ile, saa tano asubuhi, Rolande alikuwa jikoni anapika ploye, zile chapati za maji za upande mmoja ambazo hazigeuzwi, zenye vitundu juu. Alisikia paa likiguna. Aliinua uso. Kisha nyumba nzima ikatikisika, sahani zikagongana kabatini, na dirisha la jikoni likawa jeupe, halafu giza.

Alitoka bila koti. Pale palipokuwa na tanki palikuwa na kilima. Haikuwa theluji laini ya kuteleza. Ilikuwa ile iliyonyeshewa, nzito kama saruji mbichi, yenye mapande ya barafu makubwa kama milango. Na kabla hajashika beleshi, harufu ikamfikia.

Alichimba. Alichimba kama mtu anayemfukua mtoto. Beleshi likigonga barafu alilitupa na kutumia mikono. Harufu ilizidi, na theluji ilianza kubadilika rangi, nyekundu hafifu, kwa sababu mafuta ya nyumbani hutiwa rangi hiyo. Alikuta vipande vya kisanduku chake. Alikuta filta imelala ubavu, imepondeka. Na chini ya tanki, mahali koki ilipokuwa, palibaki kishina cha bomba kilichokatika, na mafuta yanaruka kutoka humo, manene kama kidole, bila kizuizi. Hakukuwa na koki ya kufunga. Koki yenyewe ilikuwa imekwenda na filta.

Aliziba kwa kidole gumba.

"Jeannine!" akaita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi watu kumsikia akipaza sauti. "Jeannine! Jeannine, njoo!"

Mafuta yaliyokaa nje miezi minne ni baridi kuliko maji yoyote. Dakika ya kwanza kidole kiliuma. Dakika ya tano kiliwaka moto. Baadaye hakikuwa chake tena, kilikuwa kitu tu alichokishikilia pale. Alipiga magoti kwenye theluji nyekundu, nguo zimelowa mafuta, ana aproni, moshi wa chapati zinazoungua unatoka mlangoni, akaita mpaka koo likakauka.

Jeannine alitoka kukung'uta zulia. Alimwona, akalidondosha, akavuka barabara na slipa za ndani.

"Mungu wangu! Umevunjika?"

"Tanki limevunjika. Leta kitu cha kuziba."

"Kitu gani?"

"Chochote! Kizibo! Mti!"

Jeannine alizunguka mahali alipo kama kuku, kisha akakimbilia chumba cha chini cha Rolande na kurudi na kiazi. Kiazi kikubwa, kigumu, cha kuhifadhi. Rolande alikitazama, akataka kumtukana, halafu akaelewa. Alitoa kidole, mafuta yakamrukia usoni, akakisukuma kiazi kwenye kile kishina cha bomba kwa viganja vyote viwili, akikizungusha, mpaka bomba likakitoboa na kuzama ndani. Mafuta yakakoma.

Walikaa pale wanahema.

"Sasa mpigie simu Ludger," Rolande akasema. "Asimwite Valere. Akimwita Valere nitamwua mmoja wao."

Galoni themanini hivi zilikuwa zimeshapotea. Kisima cha kina Sirois kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale, upande wa kuteremka.

Jumatatu alikuja afisa wa mazingira wa jimbo, bwana mmoja mwembamba anayeitwa Whitcomb, mwenye daftari na buti mpya. Alipima, alipiga picha, alichukua chupa za maji. Mashine ya kuchimba ilikuja ikaondoa theluji na udongo, mpaka uani pakabaki shimo linaloweza kumeza gari. Alikuwa na adabu. Lakini wakiwa jikoni, Rolande amefungwa bandeji mkononi, akauliza swali akiangalia daftari lake badala ya kumwangalia yeye.

"Mama, siku ile ulipokuwa unaondoa theluji, inawezekana uliligonga bomba na beleshi?"

Rolande aliweka kikombe chini. "Nani kasema nilikuwa naondoa theluji?"

"Fundi aliyelifunga. Anasema una kawaida ya kuchimba karibu sana. Anasema alikuonya."

"Alinionya mimi?"

"Ndivyo alivyoniambia."

Bwana Whitcomb ilibidi ainame kusikia kilichofuata. "Njoo nje," Rolande alisema. "Koki nimeitunza."

Aliitoa kwenye kopo la kahawa. Afisa aliigeuza mkononi muda mrefu. Shaba ilikuwa imepinda kuelekea chini, haikuwa na kovu la beleshi hata moja, na filta ilikuwa imebapa juu kama imekanyagwa na tembo. Akatazama paa. Akatazama miguu ya tanki, iliyozama inchi tatu ardhini.

"Hii imepondwa kutoka juu," akasema.

"Andika hivyo."

"Nitaandika."

"Andika sasa, nikiona."

Akaandika.

Majibu ya maji yalirudi baada ya siku tisa. Kisima kilikuwa kimeharibika. Hata kabla ya majibu yeye alishajua. Alipochemsha chai, ilinuka kama karakana. Kuanzia hapo kila tone alilokunywa, alilopikia na aliloogea lilivuka barabara kwenye ndoo kutoka kwa Jeannine, na mkono wa kulia haukushika vizuri.

Jumamosi ya kwanza ya Machi kulikuwa na mlo wa maharage wa parokia. Rolande ndiye aliyepika maharage, kama kila mwaka. Ukumbi ulijaa saa kumi na moja jioni, watu wamevua makoti, watoto wanakimbizana. Alitoka jikoni amebeba sufuria kubwa, kijiko cha kupakulia kikiwa ndani, kwa mkono mmoja mzima na mmoja mbovu, akapita meza ya wanaume. Valere alikuwa pale, uso umeiva kwa joto na vicheko.

"Taratibu, shemeji!" akapaza sauti. "Kijiko hicho! Usije ukatoboa na sufuria kama ulivyotoboa tanki!"

Meza ikacheka. Ludger hakucheka, alitazama sahani yake.

Rolande aliteremsha sufuria kwenye meza yao, mbele ya Valere.

"Simama."

"Aa, shemeji, tunakula bwana..."

"Simama, niongee na mtu mzima."

Sauti ilikuwa chini mno hata meza ya jirani wakanyamaza ili wasikie, na meza iliyofuata, mpaka ukimya ukafika mlangoni. Wengi walikuwa wamekula mikononi mwake tangu utoto. Waliijua sauti ile. Valere alisimama, bado ana tabasamu, lakini halikuwa na kazi tena usoni.

"Uliuliza litataga lini. Limetaga. Limetaga galoni themanini kwenye kisima changu." Alitoa koki mfukoni mwa aproni akaiweka kwenye sahani ya Valere, juu ya maharage. "Hiyo hapo. Waonyeshe wenzako palipo na alama ya beleshi. Wewe ni fundi wa miaka thelathini na tatu. Onyesha."

Valere hakuigusa.

"Uliweka tanki pale kwa sababu ulikuwa na haraka ya kwenda kuwinda. Nilikwambia. Nikakwambia mlango unatosha, ukanifanya kichekesho. Sawa, kichekesho navumilia. Lakini ukakaa na mtu wa serikali ukamwambia nimevunja mimi. Mimi! Kidole hiki kimekufa kwa kuziba ujinga wako, halafu unaniita mwongo kwa mtu nisiyemjua?" Akageuka, akautazama ukumbi. "Na nyinyi. Nani hakuona lile tanki? Ludger, hukuona? Baba Padri, hukuona? Mlisema 'Hm.' Haya, pakueni wenyewe."

Akavua aproni, akaiacha juu ya meza, akachukua koti.

Valere alimfuata mpaka maegeshoni. Hakuwa na kofia. Alimwita mara mbili, na mara ya tatu Rolande akageuka.

"Haikuwa mawindo," Valere akasema.

"Nini?"

"Haikuwa mawindo. Mlango ningeweza. Nilijua linaingia. Siwezi kushuka mle chini, Rolande. Nikifika ngazi ya tatu namwona. Alikuwa amefumbua macho. Nilimwita nikidhani ananifanyia mzaha. Nilikaa naye muda mrefu, sijamwambia mtu, nilikaa tu naongea naye kama mwendawazimu. Kazi za chini siku hizi anafanya Onil. Tanki likiwa chini ya nyumba ile, kila likiharibika ningeitwa mimi."

Magari yalikuwa yamefunikwa theluji. Rolande alihisi huruma ikija, akaiona inakuja, na hasira ikaikuta mlangoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo! Mdomo huo huo uliosema banda la kuku. Mdomo huo huo uliomwambia yule bwana nimevunja mimi. Ulikuwa na maneno ya mzaha, ulikuwa na maneno ya uongo, hili moja likakushinda?"

"Nilikuwa na aibu."

"Ningekukalisha jikoni, Valere. Ningekupa kahawa. Ningeita fundi mwingine kutoka mjini na hakuna mtu angejua. Unafikiri mimi nashukaje mle? Unafikiri mimi simwoni?" Sauti ilikatika, akairudisha. "Aibu yako mimi naibeba kwenye ndoo kila asubuhi."

Akaingia garini akaondoka. Hakulia mpaka alipofika nyumbani, na alipolia alikuwa bado amekasirika.

Jumatatu Valere alimpigia simu Bwana Whitcomb akafuta maneno yake. Ludger ndiye aliyemletea Rolande habari hiyo, na akaomba radhi kwa upande wake mwenyewe, kofia mkononi. Rolande alimwambia avute mpira afanye kazi yake. Filimbi ya tanki dogo la kuazima, lililokuwa linapasha nyumba joto tangu ajali, ilikuwa inasubiri.

Mwezi wa tano, ardhi ilipokauka, Valere alikuja na tanki jingine jipya na mzee Onil. Rolande alikuwa amefungua mlango wa chumba cha chini wazi kabisa.

"Onil atashuka," Valere akasema.

"Onil atashika huku juu. Wewe utashuka."

"Shemeji..."

"Nitatangulia. Shuka."

Alitangulia, kinyumenyume, akimtazama usoni. Valere alishika ukuta. Ngazi ya tatu alisimama, jasho linamchuruzika, na Rolande akasimama pia akangoja bila kumhimiza. Kisha Valere akaendelea. Chini kabisa alionyesha kwa kidole mahali kwenye sakafu, karibu na mahali filta ya zamani ilipokuwa.

"Alikuwa hapo."

"Najua alikuwa hapo. Napita hapo kila siku na kapu la viazi. Kamata tanki."

Tanki lilipita mlangoni. Nafasi ya inchi moja na nusu ilibaki kila upande, na hakuna aliyetaja mkanda wa kushonea. Kazi iliwachukua mpaka saa tisa alasiri. Valere alifunga kila kiungo mwenyewe, akavipaka sabuni kutafuta panapovuja, akarudia tena, akarudia mara ya tatu, mpaka Rolande akamwambia basi, limetosha. Alipomaliza aliketi kwenye ngazi ya chini na kufunika uso kwa kitambaa chenye mafuta. Rolande alipanda juu akamwacha huko. Hakumbembeleza. Hakumfukuza pia.

Kisima kipya kilichimbwa Julai, upande wa pili wa nyumba, kirefu mara mbili ya kile cha zamani. Maji yake ni salama lakini yana chuma. Yanageuza shuka nyeupe kuwa za manjano na yanaacha ladha ya msumari mdomoni. Valere alifunga kichujio cha kuondoa chuma kwenye bomba, na huja Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kukibadilisha, hajaitwa. Siku nyingine anapewa kahawa, siku nyingine anaambiwa mlango uko wapi. Rolande ameshapita miaka sabini sasa. Kidole gumba cha kulia hakihisi kitu nchani. Kila anapokunywa maji yale anakunja uso na kumlaani Valere kwa jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo, hata kama Valere mwenyewe amekaa mbele yake, kikombe mkononi, anakunywa kahawa iliyochemshwa kwa maji hayo hayo.